Kushuka kwa Reli, Kurudi kwa Ndege: Bangkok hadi Singapore

Jumatatu, Bangkok

Fundi anayenikatia mawe ya vito pale Silom amesema hatayagusa mpaka wiki ijayo. Wenzangu wanaoleta yakuti za Tunduru na spineli za Mahenge wanaijua hadithi hii: unakuja Bangkok na haraka zako, mji unakufundisha kungoja. Badala ya kukaa chumbani nikitazama baht zinavyoyeyuka, nimeona nishuke Singapore. Kuna mteja niliyemwahidi kuonana naye.

Ni mbali kiasi gani? Inategemea unamuuliza nani. Ukipima kwa mstari ulionyooka kutoka uwanja wa Suvarnabhumi wa Bangkok hadi ule wa Changi wa Singapore, unapata kilomita 1,400 na ushei. Kwa mtu wa nyumbani, hiyo ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi kwa njia ya ndege. Tiketi za ndege zinaandika muda wa saa mbili na dakika ishirini, nyingine saa mbili na nusu. Kwa nchi kavu, ukijumlisha vipande vyote vya reli na barabara, inakaribia kilomita 1,900. Nina muda, na mgongo bado unanitii, kwa hiyo nitashuka kwa nchi kavu na kurudi kwa ndege. Nataka kujua hizo saa mbili na nusu zinahesabiwa kuanzia wapi na kuishia wapi.

Treni namba 45 inaondoka saa kumi na dakika kumi alasiri kutoka Krung Thep Aphiwat, stesheni mpya iliyopokea treni za masafa marefu Januari 2023. Kabla ya hapo zilikuwa zinatoka Hua Lamphong, stesheni ya mwaka 1916 iliyo katikati ya mji, yenye paa la tao na paka wake. Hii mpya imejengwa kama uwanja wa ndege: ukumbi mkubwa, baridi ya kiyoyozi, na hupandi jukwaani mpaka treni yako iitwe. Nimenunua kuku na wali wa kunata nikaweka kwenye mfuko. Pombe ndani ya treni za Thailand imepigwa marufuku tangu 2014, kwa hiyo usiku ni wa utulivu.

Nimechukua kitanda cha chini katika behewa la daraja la pili. Ni ghali kuliko cha juu, ila ni kipana na kina dirisha. Jioni mhudumu wa behewa anapita na ufunguo wake. Anaivuta migongo ya viti viwili vinavyotazamana mpaka vinakutana, anakishusha kitanda cha juu kutoka ukutani, anatandika godoro, anabana shuka nyeupe kwenye pembe nne, kisha anatundika pazia. Kazi nzima haizidi dakika tatu, na wala hakutazami usoni. Nimemwangalia akitandika safu nzima, ni burudani kuliko filamu.

Reli yenyewe ina upana wa mita moja, sawasawa na reli yetu ya kati ya zamani, ile ya Dar hadi Kigoma. Aliyewahi kulala kwenye treni ya Kigoma atautambua mtikisiko huu hata akiwa amefumba macho.

Usiku wa manane tumepita Chumphon. Kusini kidogo ya hapo, kwenye shingo ya Kra, nchi inakonda mpaka kubaki kama kilomita 44 kutoka bahari hadi bahari. Kwa karne kadhaa watu wamezungumzia kuchimba mfereji pale, meli zisizunguke Mlango wa Malaka. Haujachimbwa. Mimi nimepita nimelala.

Jumanne, Hat Yai, Padang Besar, Penang

Kumepambazuka tukiwa katikati ya mashamba ya mpira, miti imepangwa mistari na kila mmoja una kikombe kimefungwa kwenye shina. Watu walioko majukwaani wamebadilika. Jana jioni walikuwa watawa wa Kibudha wenye mavazi ya rangi ya zafarani. Asubuhi hii ni akina mama wenye hijabu na wazee wenye kofia, maana kusini mwa Thailand kuna Waislamu wengi, Wamalei hasa. Pale Hat Yai treni inakatwa, mabehewa mawili tu ndiyo yanayoendelea mpakani. Unapata nafasi ya kununua kuku wa kukaanga wa Hat Yai, aliyefunikwa kwa vitunguu vidogo vilivyokaushwa kwenye mafuta mpaka vikawa vikavu kama majani. Nimekula kwa mkono, nimesimama, bila aibu.

Padang Besar ni mpaka wa kistaarabu. Ofisi za uhamiaji za Thailand na za Malaysia ziko ndani ya jengo moja la stesheni: unagongewa mhuri wa kutoka, unatembea hatua chache, unagongewa wa kuingia. Mtanzania au Mkenya haombi viza ya kutembea Malaysia, ila sharti ujaze kadi ya kuwasili kwa mtandao ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Abiria aliyekuwa mbele yangu hakuijaza, akaanza kuhangaika na simu isiyo na intaneti. Tena anayeishi Thailand kwa viza kama mimi achukue kwanza kibali cha kuingia tena kabla hajatoka, la sivyo viza inakufa palepale mpakani.

Kilomita 990 hivi kutoka Bangkok, karibu saa kumi na sita safarini: wastani ni kilomita 60 na kidogo kwa saa. Ndege ingekuwa imekwenda Singapore na kurudi, na kwenda tena na kurudi tena, na bado ingepata muda wa kusafishwa.

Hapa ndipo saa inaporuka. Tumeingia stesheni saa mbili asubuhi, tukatoka upande wa pili ni saa tatu. Bangkok iko saa nne mbele ya Dar, Malaysia na Singapore ziko saa tano. Jambo hili dogo litakuja kunivuruga hesabu zote siku ya kurudi.

Nimepanda treni ya kawaida ya abiria, ile wanayoiita Komuter, hadi Butterworth, chini kidogo ya saa mbili kati ya mashamba ya mpunga. Stesheni iko jirani na gati, kwa hiyo unashuka kwenye treni unaingia kwenye kivuko cha Penang. George Town iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, pamoja na Malaka, na mtu aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar hapotei kirahisi humo: maduka chini, nyumba juu, vibaraza, msikiti wa Kapitan Keling mtaa mmoja na hekalu la Wachina mtaa wa pili. Chakula cha hapa ni nasi kandar. Wali unawekwa kwenye sahani, kisha muuzaji anachota mchuzi wa kuku, wa samaki, wa bamia, anamwaga vyote juu ya wali mpaka hujui kipi ni kipi. Hata uombe vipi avitenge, hakusikilizi, na ukionja utaacha kuomba.

Jumatano, kuelekea Kuala Lumpur

Treni ya umeme, ETS, kutoka Butterworth hadi KL Sentral, stesheni kuu ya Kuala Lumpur, inachukua saa nne na kidogo. Kilichonishangaza si kasi. Upana wa reli ni ule ule wa mita moja wa treni ya jana, ila Wamalaysia wamejenga njia mbili, wakanyoosha kona, wakaweka umeme. Kioo cha ndani ya behewa kimeonyesha kilomita 140 kwa saa, na chai yangu haikumwagika. SGR yetu ya Dar hadi Dodoma inakwenda 160, na ina reli pana ya milimita 1,435. Miaka yote tulikuwa tunaambiwa reli ya mita ni ya kizamani, haiwezi mbio. Inaweza, ikitunzwa.

Karibu na Taiping treni inavuka ziwa la Bukit Merah juu ya daraja refu la zaidi ya kilomita 3, maji pande zote, halafu baadaye inaingia kwenye mahandaki ya Bukit Berapit. Ipoh ina stesheni nyeupe ya enzi za Waingereza, ya kupigia picha. Baada ya hapo nimesinzia.

Alhamisi, Kuala Lumpur

Kuna Watanzania wengi wanaosoma Malaysia, na mdogo wangu wa upande wa mama yuko Chuo Kikuu cha Kiislamu kule Gombak. Amenipokea KL Sentral jana jioni, akaninyang'anya begi kwa nguvu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umenenepa."

"Ni roti canai hizi, kaka. Lakini kweli umekuja kwa treni toka Bangkok? Ndege si muda wa saa mbili tu?"

"Mbili za kwenye tiketi."

Amecheka, lakini leo mchana yeye mwenyewe amenifanyia hesabu. Uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur uko Sepang, mbali na mji. Treni ya haraka kutoka KL Sentral inatumia karibu nusu saa. Kuala Lumpur na Singapore zimeachana kama kilomita 300 tu kwa hewa, safari inayoandikwa saa moja na ushei, na sehemu ya huo muda ndege iko chini, inatembea tu uwanjani. Hata hivyo njia hii ni miongoni mwa zile zenye shughuli nyingi kabisa duniani kati ya nchi na nchi. Kampuni ya takwimu za usafiri wa anga, OAG, iliiweka ya kwanza kwa idadi ya viti mwaka 2023. Watu wanarushwa kwa ndege umbali ambao basi linaumaliza kabla ya chakula cha mchana, kama mpaka una huruma.

Ilikuwa ijengwe treni ya mwendokasi, kilomita 350 kwa dakika 90. Serikali mbili zilitia saini mkataba Desemba 2016, zikaahirisha, zikaahirisha tena, na mkataba ukafa siku ya mwisho ya mwaka 2020. Malaysia ikailipa Singapore fidia ya zaidi ya dola milioni 100 za Singapore kwa reli ambayo haikujengwa. Dogo analieleza jambo hili kwa uchungu kana kwamba hela zimetoka kwenye mkopo wake wa elimu.

Magharibi imeadhiniwa karibu saa moja na nusu. Kwa mtu wa pwani yetu hili linatia wazimu, maana sisi saa kumi na mbili jua linazama, siku imekwisha. Malaysia na Singapore zinaishi kwa saa isiyo yao: kwa mahali zilipo kwenye ramani zingefaa kutumia saa ileile ya Bangkok, lakini Malaysia ya rasi ilisogeza saa mbele nusu saa ulipoingia mwaka 1982 ili ifanane na majimbo yake ya Sabah na Sarawak kule ng'ambo, na Singapore ikafuata. Ndiyo maana saa kumi na mbili na nusu asubuhi watoto wa shule wako barabarani gizani. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili, saa moja ya asubuhi jua liko juu. Hapa saa moja jua ndiyo kwanza linatafuta viatu.

Ijumaa, barabara ya Johor

Basi limeondoka Bandar Tasik Selatan asubuhi. Viti vitatu kwa safu, unajilaza kama kwa kinyozi. Kutoka hapo mpaka Johor Bahru ni barabara kuu moja ya kulipia, na michikichi. Michikichi kushoto, michikichi kulia, kwa muda wa saa tatu nzima.

Kila Mtanzania aliyewahi kusikia hotuba ya kilimo anajua ile kauli kwamba Wamalaysia walichukua mbegu Kigoma, wakarudi kwao wakatajirika. Inanoga, lakini historia ya michikichi ya huku inaanzia kwingine: miche minne iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, yenye asili ya Afrika lakini iliyopitia kwa Waholanzi. Shamba la kwanza la biashara Malaysia lilipandwa Selangor mwaka 1917. Kigoma ina mawese yake na sifa zake, haihitaji hii.

Mpakani ndipo safari inapopimwa. Johor na Singapore zimeunganishwa na tuta la barabara lenye urefu wa kama kilomita moja, lililofunguliwa rasmi 1924, na daraja la pili lililo magharibi zaidi. Kwa siku watu zaidi ya 300,000 wanavuka, wengi wao ni wafanyakazi wanaolala Johor na kuamkia Singapore. Unashuka kwenye basi upande wa Malaysia, unagonga mhuri, unapanda. Basi linajivuta juu ya tuta. Unashuka tena upande wa Singapore, safari hii na mizigo yako yote, maana inapitishwa kwenye mashine. Sigara za kielektroniki hazivuki, hata bazoka za kutafuna, zile za kuuza, ni marufuku tangu 1992.

Dereva alitangaza muda wa kungoja, akamaanisha. Kijana mmoja wa viti vya nyuma alikawia kwenye foleni, basi likaondoka bila yeye, kiti chake kikabaki na mto wake wa shingo. Kwa bahati tiketi inamruhusu kupanda basi linalofuata la kampuni ileile. Ushauri wangu: piga picha namba ya basi kabla hujashuka, na usiache kitu kitini.

Kilomita moja hiyo, pamoja na foleni zake, imetumia saa moja na dakika arobaini. Jua lilikuwa kali, nikaona watembea kwa miguu wakitupita. Pembeni wanamalizia reli fupi ya RTS, kilomita 4 kutoka Bukit Chagar hadi Woodlands North, itakayovusha watu kwa dakika tano, na abiria atamalizana na uhamiaji wa nchi zote mbili kabla ya kupanda. Imepangwa kuanza mwishoni mwa 2026 au mwanzoni mwa 2027. Zamani treni ilipita juu ya tuta hili hadi Tanjong Pagar, katikati ya Singapore. Ya mwisho iliondoka usiku wa tarehe 30 Juni 2011, ikiendeshwa na Sultani wa Johor mwenyewe, ambaye baba wa babu yake alishuhudia reli hizo zikija.

Nimeshuka karibu na Kampong Glam, kuba la dhahabu la Masjid Sultan likionekana juu ya maduka ya vitambaa.

Jumamosi, Singapore

Mteja nimemwona, biashara ni siri yetu. Chai ya maziwa ya kuvutwa, wali wa biriani kwenye ukumbi wa mabanda ya chakula, ramani ya treni za mjini ambayo hata mtoto angeielewa. Mji ni msafi, ghali, na unakuchosha kwa kutokosea.

Jumapili, Changi hadi Suvarnabhumi

Leo nimeandika kila dakika.

Nimetoka chumbani saa tatu asubuhi. Treni za mjini, kubadilisha njia mara moja, Changi saa nne kasoro dakika kumi. Begi nimelikabidhi, nimezungukia maporomoko ya maji yaliyo ndani ya Jewel, jumba la maduka la hapo uwanjani, mita 40, mazuri lakini yamejaa watu wanaojipiga picha, kisha nimepita ukaguzi. Ndege imeandikwa kuondoka saa sita na nusu, kufika saa nane kasoro dakika tano. Mwenye pupa atatoa haraka haraka aseme ni saa moja na dakika 25. Kumbe muda wa kufika umeandikwa kwa saa ya Bangkok. Ongeza saa moja, unapata mbili na dakika 25. Hapo wengi huachwa na ndege ya kuunganisha, au humwambia ndugu aje kuwapokea mapema mno.

Tumesukumwa nyuma kutoka mlangoni kwa kuchelewa dakika kumi. Tumetembea uwanjani, tumepanga foleni nyuma ya ndege nyingine, na magurudumu yameacha ardhi saa saba kasoro dakika tano. Yamegusa Bangkok saa nane kasoro dakika kumi ya kule. Angani tumekaa muda wa saa moja na dakika 55. Ndege ya aina hii ikishatulia juu inakwenda kilomita 830 hivi kwa saa, na kwa mwendo huo kilomita 1,400 zingekwisha kwa saa moja na dakika arobaini. Zinazobaki zinaliwa na kupanda, kushuka, na kona za kukwepa mawingu ya radi juu ya Ghuba ya Thailand, ambayo rubani ameyazunguka kama mtu anayezunguka dimbwi la maji. Dakika nyingine zilizoandikwa kwenye tiketi ni za chini: kutoka mlango wa uwanja mmoja mpaka mlango wa mwingine, na akiba kidogo ili kampuni isionekane imechelewa.

Upepo haukutuhusu. Kwenye njia hii ya kaskazini na kusini, karibu na ikweta, kwenda na kurudi ni karibu muda mmoja. Ukitoka Bangkok kwenda Tokyo mambo yanabadilika. Kwenda mashariki unasukumwa na upepo mkali wa juu, inakuwa kama saa sita. Kurudi unapigana nao, zinakaribia saba. Umbali ni ule ule.

Mlango umefunguliwa saa nane na dakika mbili. Foleni ya uhamiaji ya Suvarnabhumi ndiyo ile mnayoijua, kadi ya kuwasili ya Thailand nayo siku hizi inajazwa mtandaoni kabla. Begi, ngazi za umeme kushuka chini, treni ya uwanja wa ndege hadi Phaya Thai chini ya nusu saa, kisha treni ya juu. Funguo zimeingia mlangoni kwangu saa kumi na robo, ambayo Singapore ni saa kumi na moja na robo. Kutoka mlango hadi mlango ni saa nane na robo, na ndani ya hizo, angani ni chini ya mbili.

Kwa anayepanga safari hii: ndege ya jioni kutoka Bangkok ina mtego wake. Ukiondoka saa mbili usiku utafika Changi karibu saa tano na nusu usiku ya kule, umepoteza saa moja njiani, na ukimaliza uhamiaji treni za mjini zitakuwa zinafunga. Chukua ya mchana, au weka pesa ya teksi.